Uliza Nesi: "Sukari imeshuka, mbona miguu inavimba?"

Barua za mwezi huu ni nyingi kuliko kawaida, na karibu zote zina maneno matatu yale yale: sukari, presha, figo. Nimeuguza hapa Tanga miaka 31, tisa ya mwisho kati ya kliniki ya sukari na chumba cha kusafisha damu. Wako watu niliowapima sukari kliniki wakicheka nami, kisha miaka michache baadaye nikawapokea chumba cha pili kwenye mashine. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu inanihusu.

*Bi Nesi, shikamoo. Mume wangu ana miaka 56 na kisukari anacho mwaka wa 13 sasa. Alikuwa anachoma insulini yuniti 30 asubuhi na 16 jioni, na bado sukari ilikuwa inacheza kwenye 14, 15. Tangu mwezi wa tatu anakunywa dawa ya miti ya chupa. Sukari imeshuka mpaka 5, siku nyingine 3, naye amepunguza insulini mwenyewe, sasa anachoma yuniti 8 kwa siku. Anasema amepona na anawasimulia wenzake msikitini. Ila mimi naona miguu inavimba, usiku anajikuna mpaka anatoka alama, na chakula hakitaki. Je, ni dawa inafanya kazi? – Mama Watatu, Muheza*

Marahaba mwanangu. Mpeleke hospitali wiki hii, usingoje tarehe ya kliniki.

Insulini anayoichoma haikai mwilini milele. Sehemu yake kubwa huondolewa na figo. Figo zikichoka, ile aliyoichoma asubuhi inaendelea kuzunguka kwenye damu hata usiku, na sukari inashuka bila mtu kubadili chochote. Kwa hiyo mgonjwa wa miaka mingi ambaye mahitaji yake ya insulini yanapungua namna hiyo, hajapunguza unene, hajabadili chakula, mimi huwa nawaza figo kwanza mpaka vipimo viniambie vingine. Ukiongeza na miguu kuvimba, kujikuna na kukosa hamu ya kula, siwezi kukuambia kaa utulie.

Nina sababu ya kusema kwa ukali huu. Kaka yangu alikuwa fundi cherehani pale Ngamiani. Mwaka 2011 sukari yake, iliyomsumbua miaka, ikaanza kushuka. Wifi yangu akasoma maulidi ya shukrani, tukaalikwa, nami nikaenda na sare yangu ya kazini kwa sababu nilitoka zamu. Wakati ananipa mkono niliona pete yake ya fedha, ile ambayo zamani ilikuwa ikizunguka kidoleni akisukuma kitambaa chini ya sindano, imezama kwenye nyama. Niliiona. Nikala, nikashukuru, nikaenda zangu. Wakati ule nilikuwa wodi ya wazazi na sikumwuliza hata swali moja kuhusu mkojo wake. Baada ya wiki saba pete ikabidi sonara aikate, na siku ileile pumzi ikambana. Alipopimwa, kazi ya figo ilikuwa imebaki asilimia 8. Alihamia Dar es Salaam kwa mtoto wake ili asafishwe damu mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, na cherehani ikafunikwa shuka. Tulikuwa naye miezi 14.

Nikueleze kinachotokea ndani, maana ukikielewa utaweza kumweleza mumeo. Kila figo ina vichujio vidogo mno, kama milioni moja. Kwa siku moja figo zote mbili huchuja karibu lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, karibu yote hurudishwa mwilini, na kinachotoka kama mkojo ni lita moja na nusu hivi. Wewe ni mtu wa Muheza, kifumbu cha kukamulia nazi unakijua. Kikiwa kipya, tui linapita na machicha yanabaki. Kikichakaa, machicha yanaanza kupita na tui. Sukari nyingi na presha ya juu huvichakaza vichujio hivi hivyo hivyo, mwaka baada ya mwaka, na kinachoanza kupita ni protini ya damu. Ndiyo maana mkojo unatoa povu. Nauliza kila mgonjwa wangu: ukikojoa, povu linapotea au linakaa kama la sabuni? Wifi yangu alikuja kuniambia kwamba alikuwa akimwaga maji chooni mara tatu ndipo povu liondoke. Alidhani ni sabuni ya mtu aliyetangulia kuoga.

Povu peke yake si hukumu, lakini ni sababu ya kupima. Vipimo ni viwili: mkojo, kuangalia protini inayoitwa albumini, na damu, kuangalia kreatinini, yaani taka ya mwili ambayo figo hutakiwa kuitoa. Mkojo una faida moja kubwa. Kreatinini mara nyingi haipandi mpaka karibu nusu ya kazi ya figo iwe imekwisha kupotea, lakini mkojo unasema mapema, wakati bado kuna cha kuokoa. Mwenye kisukari cha ukubwani apimwe vyote viwili tangu siku anayogundulika, na kila mwaka baada ya hapo. Fungua daftari la mumeo la kliniki ukurasa kwa ukurasa. Kama umejaa namba za sukari tu na hakuna mahali palipoandikwa albumini wala kreatinini, muulize daktari mbele yake.

Protini ikikutwa, kuna dawa za presha kama losatani na enalapili ambazo hupunguza uvujaji na kuzipa figo muda, hata kwa ambaye presha yake si kubwa sana. Daktari ndiye atakayeamua, kwa sababu lazima aangalie na potasiamu ya damu. Na kama anameza metifomini, kile kidonge cha sukari, ataangalia kama figo bado zinaruhusu.

Ile sukari ya 3 ni hatari ya leo, usiisubirishe. Ikishuka chini ya 4, au ukimwona anatoka jasho la baridi, anatetemeka, anajibu mambo yasiyoeleweka, mpe maji yenye vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari, mpime tena baada ya dakika 15, na ikibaki chini mrudie. Akipoteza fahamu usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Na hiyo chupa ya dawa ya miti ibebeni mwende nayo, daktari aione. Usigombane naye kuhusu msikitini. Mwambie tu kwamba kama kweli amepona, mkojo na damu vitathibitisha, na wewe utakuwa wa kwanza kupika pilau.

*Shikamoo mama. Mimi ni dereva wa lori, Tanga kwenda Arusha, umri wangu 38. Walikuja watu wa afya kutupima pale Korogwe, presha ikasoma 168 kwa 104. Nikapewa amlodipini. Nikameza mwezi mzima, nikapima 128 kwa 82, nikaacha maana imepona. Kichwa hakiniumi, sina tatizo. Kinachonisumbua ni kiuno na wenzangu wanasema kiuno ni figo, kwa hiyo nikiwa safarini nameza diklofenaki mbili kila siku. Nifanyeje? – Dereva*

Marahaba baba. Nianze na kiuno, maana hapo ndipo penye kosa kubwa.

Kiuno cha mtu anayekaa kwenye kiti cha lori saa tisa kwa siku kinauma kwa sababu ya misuli na pingili za mgongo. Mawe ya figo huuma, tena vibaya, na maambukizi ya figo huuma yakaja na homa. Lakini ule ugonjwa wa figo unaoletwa na presha na sukari, ule unaowajaza watu kwenye chumba chetu, hauumi. Sasa angalia ulichofanya: kwa kuogopa figo ambazo haziumi, unameza kila siku dawa inayoweza kuziharibu. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao hupunguza damu inayokwenda kwenye figo, na tena hupandisha presha. Zikimezwa na mtu ambaye hanywi maji makusudi ili asisimamishe gari njiani, zinaziumiza figo mara mbili. Ziache. Maumivu yakizidi, parasetamo kwa kipimo kilichoandikwa inatosha. Kila baada ya saa mbili shuka, zunguka lori, gonga tairi zako kama unavyofanya, nyoosha mgongo, kunywa maji. Chimba dawa, hakuna aibu.

Presha sasa. 128 kwa 82 haikuwa yako, ilikuwa ya kidonge. Wewe ukiegesha lori mteremkoni ukaweka jiwe nyuma ya tairi, lori linatulia. Je, unaliondoa jiwe kwa sababu lori limetulia? Ndicho ulichofanya. Rudi kliniki, uanze tena, na usikatishe bila kuambiwa. Amlodipini wakati mwingine huvimbisha vifundo vya miguu. Ikikutokea usiiache kimyakimya, mwambie daktari, dawa ziko nyingi.

Ila pia nataka upimwe vizuri. Nimeona watu wanapimwa wamesimama kwenye foleni, mkono unaning'inia, wanabishana kuhusu mpira. Hiyo si presha. Kaa kwenye kiti chenye egemeo dakika tano kimya, miguu chini isikunjwe, mkono juu ya meza usawa wa moyo, uwe umekwisha kukojoa, na usiwe umevuta sigara au kunywa kahawa nusu saa kabla. Wapime mara mbili. Ikiwa siku tofauti bado ni 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni presha, uumwe kichwa usiumwe. Wengi hawaumwi kichwa mpaka siku ya kiharusi.

Vyakula vya njiani navijua. Chumvi kwa siku nzima, ile ya mchuzini pamoja na unayonyunyiza kwenye chipsi, isizidi kijiko kimoja cha chai, yaani gramu 5. Chipsi na mishikaki ya jioni moja vinaweza kukumalizia. Ukifika nyumbani ukipikiwa papa mkavu au ng'onda, mwambie mkeo amloweke usiku kucha na kumwaga maji mara mbili. Na zile soda za kuleta nguvu zenye kafeini, mbili tatu kwa usiku mmoja, kwa mtu mwenye presha yako sizikubali hata kidogo. Usingizi dereva anauondoa kwa kulala.

Neno la mwisho kwako. Kifua kikikubana kama umewekewa gunia, maumivu yakaenda mkono wa kushoto au taya, jasho la baridi likakutoka, weka lori pembeni na uombe upelekwe hospitali na mtu mwingine. Usijiendeshe.

*Binti yangu, salaam. Nina miaka 71, naishi Pangani. Mjukuu amenisomea kwenye simu kwamba ukisaga birimbi ukanywa glasi nzima kila asubuhi kabla ya kula, sukari na mafuta vinashuka. Uani kwangu mbirimbi umezaa mpaka unadondosha. Ninywe?*

Shikamoo baba. Usinywe.

Birimbi chache kwenye mchuzi wa samaki au kwenye achari hazina neno kwa mtu ambaye figo zake ni nzima, ndivyo tulivyolelewa. Glasi ya juisi nzito tumbo tupu ni jambo jingine kabisa. Ule ukali wake unatokana kwa sehemu na okzaleti, na ikija nyingi kwa pamoja inaganda ndani ya figo kama chumvi na kuziziba. Huko Kerala, India, ambako nako birimbi ni nyingi, madaktari wameandika habari za watu waliokunywa juisi yake kushusha kolesteroli, figo zikasimama ghafla, wengine ikabidi wasafishwe damu. Kwa umri wako, tena kama una sukari, usithubutu. Mjukuu mwambie asante kwa kukufikiria.

*Bi Nesi, shikamoo. Nilijifungua mwezi wa nane kwa upasuaji, wiki ya 34, kwa sababu ya presha ya mimba na protini kwenye mkojo. Mtoto mzima, alhamdulillah. Sasa presha yangu ni 118 kwa 76 na hakuna dawa ninayomeza. Je, mambo yamekwisha? – Mama Kijacho, Pongwe*

Marahaba, na hongera kwa mtoto. Presha imekwisha, ufuatiliaji haujaisha. Hili huwa haliwafikii kina mama wengi, maana siku ya kuruhusiwa kila mtu anaangalia mtoto. Mwanamke aliyepata presha ya mimba yenye protini ana hatari kama mara mbili ya mwenzake ya kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi miaka ya mbele, na figo nazo huwa katika hatari zaidi. Ni kama mimba imekupima mishipa yako mapema na kukuonyesha iliko dhaifu.

Kwa hiyo kila mwaka, tuseme mwezi anaozaliwa mwanao ili usisahau, pima presha, sukari ya asubuhi kabla ya kula, na mkojo. Sukari hiyo ikiwa 7.0 au zaidi, ikarudiwa ikawa vilevile, ni kisukari. Ikiwa kati ya 6.1 na 6.9 bado uko mlangoni, na hapo kutembea nusu saa kwa siku na kupunguza uzito vinaweza kukurudisha. Ubwabwa na ugali si maadui, tatizo ni mlima. Sahani nusu iwe mboga, mchicha au bamia au kisamvu, robo samaki au maharage, robo ndiyo ugali, na ukipata dona bora zaidi. Soda moja ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko tisa vya chai. Huwa nawapimia kina mama vijiko hivyo kwenye glasi ya maji mbele ya macho yao, na hakuna aliyewahi kukubali kuinywa.

Ukishika mimba nyingine, usisubiri tumbo lionekane. Nenda kliniki ndani ya miezi mitatu ya kwanza, useme wazi yaliyokupata, kwa sababu kuna asipirini ya kipimo kidogo ambayo huanzishwa kuanzia wiki ya 12 kupunguza uwezekano wa kurudi. Na kama utakuwa umewekwa kwenye dawa yoyote ya presha, uliza kabla hujashika mimba. Losatani na enalapili hazifai kwa mjamzito.

*Shikamoo mama. Baba yangu ameambiwa figo zimefika mwisho, ataanza kusafishwa damu. Madaktari wanataka kumpasua mkono waunganishe mishipa, yeye hataki, anasema watamharibu mkono. Ndugu wanakuja kumwona na madafu na ndizi kila siku. Mimi nina miaka 29, niko tayari kumpa figo yangu. Nianzie wapi? – Binti wa Mkwakwani*

Marahaba mwanangu. Madafu yaondoke leo, kabla hujamaliza kusoma. Najua yanaletwa kwa mapenzi, na kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu. Lakini maji ya dafu na ndizi vina potasiamu nyingi. Figo nzima huitoa kwenye mkojo, figo iliyokufa haiwezi, nayo ikijaa kwenye damu inasimamisha moyo. Waambie ndugu walete yai, samaki mbichi asiye na chumvi, au nauli ya kwenda hospitali.

Figo yako nakuheshimu kwa kuitoa. Upandikizaji si lazima tena uende India: Muhimbili walifanya wa kwanza nchini mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma wakafuata 2018. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuishi na figo moja. Anza kwa kumwambia daktari wa figo wa baba kwamba unajitolea. Watapima damu yako, kulingana kwenu, presha, sukari, mkojo, na picha ya figo zako zote mbili. Kwa kuwa baba yako ana ugonjwa huu, watakuchunguza wewe kwa makini zaidi, usiudhike. Na watakuuliza faraghani kama kuna anayekulazimisha. Hapo sema ukweli wa moyo wako, hata kama umebadilika usiku wa jana.

Haya yote yatachukua muda, na wakati huo baba anahitaji ule mkono. Wanachofanya ni kuunganisha ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, na veni, mshipa unaoirudisha, ili veni ipate damu yenye nguvu, inenepe, iweze kuchomwa sindano kubwa mbili kila safari. Bila hivyo atawekewa mpira shingoni, na mpira huo huingiza vijidudu kwa urahisi. Upasuaji ni mdogo, lakini mshipa huchukua wiki sita na zaidi kukomaa, ndiyo maana wanamharakisha. Mkono utabaki wa kushikia kijiko, jembe na mjukuu. Ila asipimwe presha kwenye mkono huo, asitolewe damu humo, asiulalie, asivae saa wala bangili.

Na wewe mpe kazi moja ya kila asubuhi. Akishaamka, weka vidole viwili juu ya kovu bila kukandamiza. Utasikia mtetemo, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya ganda la yai. Mwekee na yeye vidole vyake ausikie, wengi huacha kuuogopa mkono siku hiyo. Asubuhi mtakayokosa mtetemo huo, msile hata chai, ondokeni mwende hospitali saa hiyo hiyo. Damu imeganda, na ikiwahiwa siku ileile mshipa mara nyingi huokolewa.